Honi Moja ya Namba 417

Wenzake kazini walimbandika jina la Ratiba kwa sababu katika miaka thelathini na moja ya kuendesha treni hakuwahi kuondoka stesheni akiwa amechelewa kwa kosa lake, na hata alipostaafu jina lilimganda kama kupe. Kustaafu kwenyewe ndiko kulikomshinda. Mtu aliyezoea kuiona nchi ikimjia mbele kwa kasi sasa alikuwa anautazama ukuta wa sebuleni, na ukuta hauji. Alikaza skrubu za milango ambazo hazikulegea. Alihamisha kochi asubuhi, akalirudisha mchana. Mkewe alikuwa mshonaji na alitaka utulivu kwenye cherehani yake, na siku moja alimwambia ama atafute kazi, ama atamtafutia yeye, na hiyo atakayomtafutia hataipenda.

Dawa ililetwa na binti yao, muuguzi aliyefanya kazi ng'ambo. Alipokuja likizo alimletea baba yake kichwa cha treni cha dizeli cha mfano, kirefu kama shibiri moja, plastiki juu na chuma chini, chenye magurudumu yanayozunguka kweli. Ratiba alikipokea kwa mikono miwili kama anayepewa mtoto mchanga. Kisha akavaa miwani, na furaha ikaingia dosari.

Aina ilikuwa ile ile ya mashine aliyoiendesha miaka kumi na tisa, namba 417. Lakini hiki kilipakwa rangi za shirika la nchi nyingine, nyekundu na nyeupe, kikiwa na pua ndefu mbele ya chumba cha dereva na taa juu ya paa. Yake ilikuwa ya kijani iliyokolea yenye mkanda wa manjano, pua fupi, taa puani. Mashine yenyewe haikuwepo tena, ilikwisha kukatwa na kuuzwa vyuma chakavu.

"Nzuri sana," alimwambia binti yake. "Inafanana na yangu."

Binti hajafika hata uwanja wa ndege, baba mtu amekwisha kukifungua kichwa kile kwa bisibisi ya kukazia miwani.

Kazi ikaanza, na nyumba ikakosa amani ya aina nyingine. Ganda la plastiki alilizamisha katika mafuta ya breki ili rangi ya zamani ing'oke, na chombo alichotumia kilikuwa cha mkewe cha kuwekea chumvi. Pua ndefu aliikata kwa kipande cha msumeno wa chuma, akaunda fupi kutoka kwenye rula ya shule, akaisugua kwa msasa hadi vidole vikapoteza alama. Vishikio alivitengeneza kwa pini za karatasi. Mkanda wa manjano alijaribu kuupaka kwa rangi ya kucha, nayo ikala plastiki, ikaikunja kama utando wa maziwa, akaanza upya. Alipaka kijani mara nne. Mara hii kimezidi ubluu, mara ile kimepauka. Alikitoa uani kukitazama juani, akakirudisha, akakitoa tena. Mkewe alisema heri kochi.

Juu ya paa aliweka honi mbili zilizochongwa kwa vichwa vya pini, kila moja ndogo kuliko punje ya mchele.

Ikabaki namba. Kuandika hakukuwa kazi yake, kwa hiyo alikipeleka kwa mwanamke mmoja fundi wa mabango, mwenye kibanda nyuma ya soko, anayeandika mpaka majina kwenye saa za watu. Fundi alikigeuza kichwa kile, akakisifu, kisha akauliza namba ilikaa chini ya dirisha au nyuma ya mlango, na ilikuwa na ukubwa gani.

Ratiba akagundua kwamba hajui. Miaka kumi na tisa alikuwa ndani. Picha aliyokuwa nayo ni moja tu, na ndani ya picha hiyo kifua chake mwenyewe ndicho kimeziba mahali penyewe.

"Mimi siandiki kwa kukisia, mzee wangu," fundi alisema. "Muulize aliyekuwa akishuka."

Aliyekuwa akishuka kuunganisha mabehewa ni msaidizi wake, mwanamume mwembamba waliyemwita Sindano, na hao wawili walikuwa na miaka kumi na minne hawajasemezana.

Habari yao ilikuwa hivi. Sindano alikuwa amebakiza wiki chache apewe leseni ya udereva wa treni. Asubuhi moja yeye ndiye aliyeendesha mashine, Ratiba akiwa pembeni akimsimamia, na kwenye makutano ya reli na barabara wakaligonga trekta. Dereva wa trekta alivunjika miguu yote miwili, na akaapa hakusikia honi. Kwenye uchunguzi Sindano alisema alipiga honi mapema, ila mlio ulikuwa dhaifu kwa kuwa honi ya kushoto ilikuwa imefunguliwa karakana na haijarudishwa. Ratiba alisema honi zote mbili zilikuwepo, na karatasi ya ukaguzi wa asubuhi ilikuwa na saini yake. Wachunguzi wakaamua kwamba, kama honi zilikuwa mbili, basi Sindano hakuzipiga kwa wakati. Akapelekwa kufagia mabehewa, na leseni hakuipata kamwe.

Siku tatu Ratiba alizungukazunguka na swali lake. Alifika mpaka kwenye mtaa wa Sindano, akanunua betri asizozihitaji, akarudi. Siku ya nne alipiga hodi.

Sindano alikuwa uani akiziba pancha ya baiskeli, kazi aliyokuwa akiifanya siku hizi. Hakushangaa, au hakuonyesha. Aliombwa msaada wa namba tu, akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na bahasha. Zamani alipenda sana kupiga picha. Alimwonyesha namba ilipokaa: nyuma ya mlango, usawa wa kitasa. Halafu akaweka juu ya meza picha nyingine, iliyopigwa kutoka kwenye daraja la waenda kwa miguu, paa lote la 417 likionekana. Kulikuwa na honi moja. Mahali pa ya pili pamefungwa kibati kwa nati nne. Pembeni ya picha tarehe ilijiandika yenyewe: siku mbili kabla ya ajali.

"Filamu ilikuwa bado kwenye kamera," Sindano alisema. "Nilipoisafisha na kuipeleka ofisini, wakaniambia faili limefungwa."

Ratiba aliitazama picha mpaka macho yakamwasha. Asubuhi ile hakupanda juu ya paa. Treni ilibakiza dakika sita kuondoka, akatia saini akiwa chini, na baadaye mbele ya wachunguzi alisema alichokisaini. Mwanzoni alijua kwamba hajui. Lakini alikuwa amelirudia neno lile mara nyingi mno, hata likageuka kumbukumbu, na kumbukumbu ile ndiyo iliyotengeneza honi mbili za pini.

"Sikukagua," alisema. "Nilisaini tu, ndugu yangu."

"Mimi nilijua," Sindano alijibu. "Kuniambia mimi ni kuniletea maji kisimani. Waambie walioko ndani ya nyumba hii."

Wakakubaliana Jumapili alasiri. Ratiba hakula tangu asubuhi, na njiani mkewe, aliyekataa kumwacha aende peke yake, alimkumbusha mara mbili kupunguza mwendo. Walikuwepo mke wa Sindano, mwanawe wa kiume na binti yake, wote watu wazima. Ratiba alisimama ingawa alipewa kiti, akaeleza kila kitu, tangu karatasi hadi uongo wenyewe, bila kujitetea. Mke wa Sindano alilia kimya kimya. Kijana akamshukuru kwa adabu. Binti ndiye aliyeuliza.

"Nyumba yetu iko kando ya reli. Ulikuwa unapita hapa kila siku?"

"Kila siku, mwanangu."

Binti akainuka, akaenda jikoni, hakurudi hadi wageni walipoondoka.

Wiki ile Ratiba aliandika barua kwa shirika la reli, akaambatanisha nakala ya picha. Karani akaigonga muhuri, na hadi leo barua haijajibiwa. Honi ya kushoto aliing'oa kwa koleo dogo, akabandika kibati. Fundi wa mabango akaandika namba mahali pake. Siku moja Sindano alikuja kukiona kichwa kile, akasema ni kisafi mno, 417 haikuwa bibi harusi, akaonyesha moshi ulivyokuwa ukipaka paa nyuma ya bomba. Ya ajali hawakuyagusa.

Binti wa Sindano anauza kwenye duka la dawa sokoni. Ratiba huenda hapo kununua spiriti ya kusafishia brashi. Binti humpa chupa na chenji bila kuinua uso, naye husema asante, akasubiri kidogo, akaondoka. Duka jingine la dawa liko mlangoni pake kabisa. Mkewe amemuuliza zaidi ya mara moja kwa nini ajichoshe. Hujibu kwamba miguu inataka kutembea, akachukua kofia.