Mdomo wa Shangazi

Haya jamani, sogeeni. Mwenye sahani ya ugali aiweke chini kwanza, maana haya ninayosimulia hata fisi akiyasikia anaacha mzoga.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, ndui imetanda. Dada yangu ameolewa ng'ambo ya mpaka, kajifungua mtoto wa kwanza, na mimi roho juu nikamwone. Lakini pale Tunduma hupiti bila kovu la chanjo. Basi dresa, yule mhudumu wa dawa wa serikali, alipofika kwetu Itaka na visindano vyake, nikawa wa kwanza kunyoosha mkono.

Shangazi yangu, dada yake baba, akagoma. Kasikia dawa ile inatolewa kwenye vidonda vya ndama.

"Usaha wa ng'ombe! Mkiota mikia msinililie!"

Dresa akisogea nyumba ya pili tu, shangazi anakudaka nyuma ya ghala la mahindi, anakunyonya pale palipochanjwa kama anatoa sumu ya nyoka. Fyooo! Halafu tuh, anatema. Mdomo wenyewe una ugoro wa tangu enzi za Mjerumani. Mate meusi, yanavutika kama mlenda. Mkono wangu ulinuka hivyo, mbwa wetu kaunusa mara moja akahama kijiji. Ningekataa? Nani anamkatalia shangazi? Alinyonya Itaka nzima, na wazee wenye upele, bila hata kusukutua.

Siku ya nne hivi, mdomo ukaanza kumvimba. Ukaota lengelenge, likajaa usaha, likapasukia kwenye uji. Uji wa chungu kimoja, tunakunywa sote! Mpaka leo nikiona uji natazama pembeni. Kidonda kikakauka, kigaga kikabanduka, likabaki kovu la duara, limekaa vizuri kabisa.

Baadaye nikashika njia ya Tunduma, kuku wa mzazi kwapani, shangazi nyuma yangu, anataka naye kumwona mjukuu. Mpakani dresa wa pale akanigeuza mkono huku na huku.

"Hapa chanjo haikushika. Rudi kwenu, uchanjwe upya."

Akamgeukia shangazi. Mkononi hamna. Akamshika kidevu, akautazama ule mdomo, akaangua kicheko mpaka kofia ikamdondoka.

"Huyu mama imemshika! Pita, mama."

Shangazi akaninyang'anya kuku, akavuka. Mimi nimebaki upande huu, machozi yananitoka, mtu mzima na ndevu zangu. Akageuka kule ng'ambo, akaubinua mdomo wake, akapaza sauti:

"Unalia nini? Njoo basi nikutemee ya kwako!"