Nani anawachafulia maji samaki wangu?

Wakuu, leo nimemshika mchawi wa tanki langu!

Kijiji kizima cha Sapiwi ni mimi tu mwenye samaki wa baharini sebuleni. Bisheni.

Shida ni naitreti, ule uchafu wa kinyesi usioonekana kwa macho. Nabadilisha maji, napima, kipimo kinazidi kuwa chekundu. Samaki wanahema juu juu.

Nikajua kuna mkono wa mtu. Juzi nilimkuta dada yangu Kabula pale kwenye tanki na ugali, leo nikambana.

"Kabula, unawalisha samaki wangu?"

"Ugali hautushibishi sisi, niwape samaki? Pima na hayo maji unayowaletea, profesa."

Nikapima maji ya kisima chetu, yale ninayowachanganyia samaki na chumvi, ili nimwaibishe. Hayo bado hayajaona chumvi wala samaki.

Nyekundu pyu!

Mama akaangua kicheko: "Si wewe ulitaka kisima kiwe ubavuni mwa zizi, uvivu wa kupeleka ng'ombe kunywa mbali?"

Kabula hakucheka. Alichukua chupa ya maziwa ya unga aliyomkorogea mwanawe mchanga kwa maji yale, akaimwaga yote. Kisha akanipa ndoo mbili, bomba liko mbali huko.

Mwenye kisima karibu na zizi alete maji nimpimie. Msamaha nitaomba nikishatua ndoo.