Misa ya Mwisho Chini ya Boriti

Nápla alikuwa akiipamba nyumba ambayo Jumatatu ingeondolewa paa.

Alianza Agosti ilipokuwa inakwisha. Alipiga chokaa nje hadi kuta zikawaumiza watu macho, akapaka mlango rangi nyekundu, akaziba matundu ya paa kwa mabua mapya na kuzikaza upya kamba zinazoshikiliwa na mawe ili upepo wa bahari, pwani ile ya Connemara, usilifunue. Ndani alibandua karatasi kuukuu za ukutani ili abandike nyingine zenye mawaridi. Jirani yake Cóilín, mzee aliyekuwa hapiti mahali bila kuacha neno, aliegemea nusu ya chini ya mlango akamtazama juu ya ngazi.

"Nápla, ng'ombe wa Mártan watakushukuru. Connemara nzima hakuna ng'ombe aliyewahi kulala kwenye mawaridi."

"Watakuwa na adabu kuliko wewe," alijibu bila kugeuka. "Wao hawasimami mlangoni kwa watu wakachungulia."

Cóilín alicheka akaenda zake. Lakini alichosema kilikuwa kweli. Mdogo wake Nápla, Mártan, alikuwa amejenga nyumba mpya juu kando ya barabara, kwa ruzuku ya serikali, yenye paa la vigae na maji ya bomba. Sharti la ruzuku lilikuwa kwamba ya zamani isikaliwe tena na mtu. Ingeondolewa paa la mabua, ipigwe mabati, iwe zizi. Nápla, ambaye hakuolewa, aliyemlea Mártan mgongoni na kumuuguza mama yao hadi mwisho, alitengewa chumba huko juu, chenye dirisha linalotazama barabarani. Hakulalamika. Aliomba kitu kimoja tu: Misa.

Katika kijiji chao Misa ya nyumbani huzunguka nyumba kwa nyumba, na ikishapita kwako ni miaka hadi irudi. Zamu ilipowafikia mara ya mwisho, mama yao alikuwa kitandani, kuta zina ukungu, na vumbi la majivu limetanda kila mahali. Mama alimtuma Mártan kwa padri aseme nyumba haifai kumpokea Bwana. Misa ikaruka, ikaenda kwa jirani. Mama alizisikia nyimbo zake zikipita juu ya ukuta wa mawe, akageuza uso ukutani. Alikufa kabla ya Kwaresima. Sasa zamu ilikuwa imerudi, na ilikuwa ya mwisho nyumba hiyo ingepata kupewa.

Mke wa Mártan, Délia, aliona Misa ingefaa zaidi huko juu.

"Wifi, sisemi kwa ubaya," alisema. "Kule kuna nafasi. Kuna choo. Padri naye ni binadamu."

"Padri amezoea mashamba yetu, Délia."

Mártan aliwatazama wote wawili, akakuna kichwa. "Sawa, dada, iwe huku chini. Lakini nikiona kasoro moja tu kwenye paa hili, Misa inapanda juu. Siwaingizi watu mahali pa kuwaangukia."

"Na moto je?" aliuliza Nápla.

"Moto gani tena?"

"Wa mama."

Moto wa nyumba ile haukuwahi kuzimika. Kila jioni makaa yalifunikwa majivu na kuombewa kwa sala ya mama, asubuhi yakafukuliwa yakiwa hai. Mtu akihama huyabeba, ayawashie nyumba mpya. Mártan alijua hivyo kama alivyojua jina lake, lakini alicheka kidogo.

"Dada, huko juu tuna jiko la umeme. Ninawasha kwa kidole."

"Na vigae vyangu vya meko ya sebuleni ni vya rangi ya maziwa," Délia aliongeza.

Nápla aliwapa mgongo. Alirudi kwenye ngazi yake.

Ndipo, siku iliyofuata, alipofika kwenye pembe ambapo boriti kubwa inaingia ukutani. Boriti ile ilibeba nusu ya paa. Babu yao aliiokota ufukweni baada ya dhoruba, mti mzima uliotupwa na meli au na bahari yenyewe. Pale kwenye pembe karatasi zilikuwa zimebandikwa tabaka juu ya tabaka: mistari ya bluu, chini yake majani, chini yake gazeti lenye gundi ya unga ambayo bila shaka ilipikwa na mama. Aliingiza ncha ya kisu abandue. Kisu hakikukutana na kitu. Kiliingia hadi mpini.

Alikizungusha. Kilizunguka kama kwenye mkate uliolowa chai. Unga wa kahawia ulimwagika kwenye mkono wa gauni lake.

Alikaa juu ya ngazi kwa muda mrefu, uso wake karibu na ule uozo, akiunusa. Kisha alishuka, akatia komeo mlangoni mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Akachukua vipande vya mawe, akavisukumiza ndani kimoja kimoja kwa mpini wa nyundo. Akakandika udongo, akapaka chokaa, na ilipokauka akabandika mawaridi juu yake, akayapangusa kwa kitambaa hadi yakalala vizuri kuliko mahali pengine popote pa chumba. Kisha akafungua komeo.

Siku mbili kabla ya Misa Mártan alikuja kukagua. Aliinua ngumi akaigonga boriti katikati, ikaitika kwa sauti nene.

"Bado ni mzima huyu," alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana kuipenda tena nyumba aliyozaliwa. Alipapasa meza, akagusa taa nyekundu iliyo chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. "Umefanya kazi, dada. Mama angejivunia." Kisha akamtazama. "Huko kwenye pembe hujaona kitu?"

"Ningeona ningesema."

Akaondoka akipiga mluzi.

Mvua ilianza usiku wa kuamkia Misa na haikukoma. Mabua mapya na ya zamani yaliinywa pamoja. Nápla aliijua mvua. Alijua paa lililolowa huwa zito kama mnyama aliyekufa. Asubuhi alipokuwa akitandika kitambaa cheupe juu ya meza ya altare aliisikia boriti. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu anayeketi polepole kwenye kiti kikuukuu.

Akasimama, kitambaa mkononi. Kimya. Mvua tu.

Watu walifika mapema, makoti yakichuruzika maji, wakasimama wamebanana kutoka mekoni hadi kwenye kabati la vyombo. Walisifia. "Nápla, hapa ni ikulu." "Haya mawaridi umeyamwagilia?" Cóilín alivua kofia, akatazama juu akashusha pumzi. "Najuta niliyosema. Ng'ombe hawastahili." Watu wakacheka, na katikati ya kicheko hicho Nápla aliisikia tena. Akatazama kama kuna mwingine aliyesikia. Délia alikuwa akipanga vikombe alivyoleta kutoka juu. Aliinua kichwa mara moja, akakirudisha.

Padri Keaveney alikuwa mzee mwenye miguu mibaya. Kama ilivyo desturi, kabla ya Misa aliketi chumba cha ndani, ukanda wa stola shingoni, watu wakaingia mmoja mmoja kuungama. Mwenye nyumba huingia wa mwisho. Nápla alipiga magoti kando ya kitanda cha mama, akasema dhambi ndogondogo za kawaida, kisha akanyamaza.

"Kuna nyingine," alisema padri.

"Kuna nyingine, Baba." Na akamwambia. Kisu, mawe, udongo, mawaridi. Alimwambia na uongo aliompa Mártan.

Mlango ulikuwa mwembamba. Walisikia mtoto akikohoa na mama yake akimnyamazisha.

"Hiyo boriti iko wapi hasa?"

"Juu ya altare, Baba."

"Ahaa."

"Imekaa miaka yote hiyo. Nusu saa tu zaidi. Niombee hiyo nusu saa."

"Nápla, siwezi kukuondolea dhambi ambayo bado unaifanya." Alisema taratibu, bila ukali. "Na unajua siri ya maungamo inavyonifunga. Nikiinuka kwenye kiti hiki, sijui kitu. Siwezi kumwambia Mártan. Siwezi hata kuisogeza meza. Nitaenda kusimama uliponiandalia."

"Usisimame pale, Baba!"

"Umeniandalia wapi kwingine?"

Akainuka kwa kushikilia nguzo ya kitanda, akatoka.

Nápla alitoka nyuma yake. Kila mtu alikuwa amepiga magoti, na vichwa vilikuwa vingi kuliko alivyovihesabia vikombe. Padri alianza kuvaa. Hakuna aliyewahi kumwona padri akivaa polepole namna ile. Alifunga mshipi, akaufungua, akaufunga tena. Aliivaa kasula, vazi la juu la Misa, akaivuta bega hili, akaivuta bega lile. Mártan alitazama saa yake. Padri akasogea mahali pake, chini kabisa ya mawaridi ya pembeni, akageuza uso kuwaelekea watu, akainua mkono wa kulia hadi kwenye paji la uso kuanza ishara ya msalaba. Ukabaki pale.

Nápla alitazama kuta zake. Alitazama taa nyekundu, meko, kiti cha mama. Alikuwa amesubiri mkono ule ushuke kifuani tangu siku mama alipogeuza uso ukutani. Ungeshuka tu, Misa ingekuwa imeanza, na hakuna mtu wa kijiji kile angethubutu kuikatiza.

Juu yao boriti iliketi tena kwenye kiti chake.

"Tokeni nje," alisema Nápla.

Sauti ilikuwa ndogo. Wa mbele waligeuka.

"Tokeni nje wote. Boriti imeoza. Nilijua. Niliificha kwa karatasi. Watoto kwanza, jamani, tokeni!"

Kisha padri alishusha mkono bila kuchora ishara, akachukua kikombe cha Misa, akasema kama mtu anayeomba chumvi, "Mmemsikia mama mwenye nyumba." Wakatoka. Hawakukimbia, mlango ulikuwa mmoja na walipeana nafasi. Cóilín alikuwa wa mwisho kati ya wanaume. Alipompita Nápla alimgusa kiwiko. "Mimi nilisema ni ya ng'ombe," alinong'ona, na safari hii haikuwa dhihaka.

Uani mvua ilikuwa imepungua, manyunyu tu. Mártan alikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza uso kwa uso, dada. Wanangu walikuwa mle ndani."

"Uliniuliza."

"Ukanijibu nini?"

"Nilikudanganya, Mártan."

Mártan akamgeukia padri. "Twende juu, Padri. Kwangu kuko wazi."

Watu walianza kuinua vitu vyao. Nápla hakusogea. Délia ndiye aliyesema, akiwa bado ameshika vikombe viwili.

"Hapana."

"Hapana nini?" Mártan aliuliza.

"Zamu ni ya nyumba hii. Ukuta umepigwa chokaa nje pia, sivyo? Leteni meza kutoka kwangu, muisimamishe pale mbali na paa, watu wautazame huo ukuta." Akamtazama mumewe. "Unatoa macho ya nini? Vua koti, umkinge padri."

Basi Misa ilisomwa uani, wanaume wanne wakishika makoti juu ya altare, magoti ya watu yakizama kwenye matope. Ukuta mweupe ulikuwa mbele yao, na mlango mwekundu ukiwa wazi, na ndani kabisa moto ukionekana. Nápla hakusikia mengi. Padri alipofika kwake na komunyo alikuwa ameinamisha kichwa, kwa kuwa hakuwa ameondolewa dhambi. Padri aliinama sikioni kwake, akasema maneno machache ya maondoleo, kisha akampa.

Baada ya baraka, wakati watu wakipanda juu kwenda kunywa chai kwa Délia, Mártan aliingia ndani peke yake.

"Mártan, toka humo!" Nápla alipiga kelele. "Toka, mdogo wangu, nakuomba!"

Hakujibu. Walisikia karatasi ikichanika. Walisikia jiwe moja likianguka sakafuni, kisha mengine mengi, kisha kimya. Nápla alikuwa ameshafika kizingitini, Cóilín akimshika gauni kwa nyuma, Mártan alipojitokeza akirudi kinyumenyume polepole, macho juu, kama mtu anayeagana na mbwa mkali. Mkononi alikuwa na ndoo ya bati na koleo la moto. Ndoo ilikuwa inatoa moshi.

Hakumtazama dada yake. Aliiweka ndoo miguuni pake.

"Ibebe wewe," alisema. "Mimi bado nina hasira nawe."

Nápla akaibeba. Njia ilikuwa ya mawe na inateleza, na Mártan alitembea hatua moja nyuma yake, mkono umenyooka karibu na kiwiko chake bila kukigusa.

Jumatatu walifunga kamba kwenye boriti wakavuta kutoka nje. Walijiandaa kwa kazi ya kutwa. Ilishuka kwa mvuto wa kwanza, na mawaridi yote. Kuanzia hapo Cóilín aliwaamkia ng'ombe wa Mártan kila apitapo, "Hamjambo, mabibi?", na Nápla, akiwa dirishani huko juu, alijifunza kucheka.

Majivu yaliviharibu vigae vya rangi ya maziwa kabla ya Krismasi. Délia alilalamika kila asubuhi. Lakini jioni moja Nápla alipokuwa na homa, amelala, alisikia koleo mekoni: makaa yakikusanywa katikati, majivu yakivutwa juu yake, na wifi yake akinung'unika sala ya mama, akikosea maneno mawili.

Hakumsahihisha.