Mkono wa Kulia wa Mama

Wiki iliyopita nilipita kwenye kambi ya wafanyakazi nilikokulia, rafiki yangu, nikashindwa kuutambua mlango wetu. Nyumba zimeongezwa vyumba na kuta, na pale bombani tulipokuwa tukipanga ndoo sasa kuna duka la simu. Kijana wa duka aliniletea kiti, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta jiko la mama yangu. Akacheka, nami nikacheka.

Nilipokuwa mtoto, enzi za Wabelgiji, mji wetu ulikuwa ungali unaitwa Élisabethville. Baba alikuwa mtu wa reli, na kila Jumamosi mama alikwenda kuchukua posho yetu: unga, maharagwe, samaki wakavu, mawese. Jioni yake nyumba nzima ilinukia mawese na karanga za kukaanga. Mimi nilikuwa na miaka minane, tena mlafi wa kupindukia, sibanduki jikoni.

Basi Jumamosi moja mama alikuwa anasonga bukari, ndio ugali wetu, mwiko ukamponyoka. Niliona mdomo wake umekwenda upande, kisha akaketi chini polepole kama mtu aliyechoka tu. Nilimwita, akanitazama bila kujibu. Nilidhani anatania. Mama jirani alipoingia kuomba chumvi ndiye aliyepiga kelele.

Alilazwa majuma matatu. Daktari alisema mshipa umepasuka kichwani. Aliporudi, upande wake wote wa kulia ulikuwa mzito kama gunia, na maneno yalimtoka moja moja, mengine hayatoki kabisa. Halafu mzungu msimamizi wa kambi akamwambia baba kwamba mke asiyeweza kupika hana nafasi kambini. Mwisho wa mwezi angepandishwa lori, arudishwe Mitwaba kwa wazazi wake, sisi tubaki na baba. Siku ile hata mimi sikula.

Mama alijifunza kusonga kwa mkono wa kushoto, mama jirani akimshikia sufuria. Lakini kwetu chakula hakitolewi kwa kushoto, sembuse kwa mume. Kwa hiyo kila jioni aliubeba ule mkono wake wa kulia kwa huu mzima, akaulaza chini ya sahani, akaisukuma mpaka kwa baba. Mara nyingi sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ilimwagika njiani. Sisi watoto tulisubiri na njaa zetu, na nakiri kwamba mimi nilinuna.

Mwisho wa mwezi ulifika, na mzungu alikuja mchana, baba akiwa nyumbani.

“Bibi yako iko na nguvu? Apike, miye naona.”

Mama akasonga, bukari ikatoka laini bila donge hata moja. Mzungu akanyoosha kidole kwa baba. “Sasa apatie bwana yake.”

Kwa kushoto ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, na mzungu asingejua tofauti. Baba alimkonyeza. Mimi nilimwomba Mungu mama atumie kushoto, mara hii tu. Mama akaubeba mkono wake wa kulia, akauweka kwenye sahani, akangoja. Vidole vikajikunja juu ya ukingo, kimoja kimoja. Kisha akauachia, ule wa kushoto akauweka pembeni. Sahani ikaenda peke yake na mkono ule, ikitetemeka, sombe ikidondoka kwenye suruali ya baba, ikafika.

Mzungu akatazama saa yake, akasema sawa, akatoka.

Baba alikuwa analia, na amekasirika. “Juu ya nini haukunipa na mukono mwingine? Bangekurudisha kwenu!”

“Weye uko... bwana yangu,” mama alisema. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza nzima tangu aanguke. “Siwezi kukupatia na kushoto.”

Baba aliinyanyua sahani kwa mikono yote miwili, magoti ameyakunja, namna tunavyopokea kwa wakubwa.

Mama alikaa nasi, akazeeka nasi, tukamzika sisi wenyewe. Tangu hapo nimepewa chakula na watu wengi wanaonipenda. Wananipa upesi, huku wakiongea mambo mengine. Napokea, nashukuru, nakula mpaka nashiba, na bado ninamtaka mama yangu.