Mmea wa Shangazi

Shangazi yangu alitunza kitalu cha miche miaka arobaini, mpaka magoti yakamgomea. Nikamfundisha mchezo wa kompyuta wa kuzuru sayari za mbali. Mimi nilizoea kukimbia huko. Yeye alitembea polepole, macho chini. “Anzia penye unyevu, mwanangu,” alininong’oneza, kana kwamba mimea ingemsikia. Siku ya tatu, kivulini mwa mwamba, tukaona mmea wa majani ya zambarau. Kompyuta ikauliza: mmea mpya, utauitaje? Shangazi akavinusa vidole vyake, kama mtu aliyetoka kuchuma. “Haraka ya nini? Ngoja kwanza tuone ua lake.” Kila alasiri alirudi kuutazama, hadi alipotutoka. Haujachanua bado, nami sijaupa jina.