Paka na Ndege wa Gramafoni

Juzi nilikuwa dukani Lituhi, ambako mwenye duka amenunua gramafoni na watu hufika kusikiliza hata wasiponunua chumvi. Mama mmoja alileta paka wake ampe mwenzake. Huku kwetu paka hauzwi kwa fedha, hubadilishwa kwa kuku. Ukimnunua kwa fedha, wanasema, hakamati panya.

Mwenzake, aliyembana kuku kwapani, akasita. "Dada yangu, paka huyu analala tu. Panya wananimalizia mahindi ghalani. Nikikosea leo, watoto watakula nini?"

Hapo santuri ikafika kwenye mluzi, mluzi wa ndege kabisa. Paka akaamka, akanyata juu ya meza, akatumbukiza kichwa chote ndani ya tarumbeta la gramafoni. Tulicheka mpaka machozi. Mwenye kuku hakucheka. Alimkabidhi mwenzake kuku pale pale.

"Huyu anatafuta hata asichokiona," akasema. "Panya wangu wamekwisha."

Wanawake walipoondoka, mwenye duka alijifanya anafuta vumbi, akainama, akachungulia mle mle ndani ya tarumbeta. Nasi tuliokuwa tukicheka tukasubiri atuambie kaona nini.