Siku Nilipomtazama Mama Mkwe

Mimi ni fundi wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na nina ugonjwa ambao wenzangu pale Masumbwe hawaujui: napenda tamthilia za zamani. Sisemi vichekesho vya dakika mbili. Nasema zile za wafalme na malkia, ambamo mtu anachomwa kisu na bado anahutubia ukurasa mzima. Ugonjwa huu ulinipata shuleni, nilipopewa nafasi ya mlinzi katika tamthilia ya malkia kipofu anayefukuzwa langoni na mwanawe wa kumzaa. Maneno yangu yalikuwa matatu tu, lakini kwa kuwa nilisimama na mkuki mwanzo hadi mwisho, niliyakariri ya wenzangu wote.

Siku hizi namfuata kwenye simu mwigizaji mmoja wa Dar es Salaam, binti mdogo tu, anayeigiza vikongwe mpaka unatamani kumsogezea kigoda. Wapo wanaosifu sauti yake. Hao hawajui kitu. Ufundi wake uko kwenye kunyamaza: anakatiza sentensi, anatulia, watu wote wanashika pumzi, halafu neno linalofuata linakukata maini. Kwa ajili ya ukimya ule nimebishana mtandaoni na watu nisiowajua, na mmoja nilimwita kilaza, wala sijatubu.

Basi nikasikia kundi lake linaleta Shinyanga mjini tamthilia ileile ya malkia kipofu, Jumamosi mchana. Nyumbani niliaga kwamba naenda Kahama kutafuta beringi za mashine. Fundi mzima, mikono imejaa grisi, nitamwambiaje mke wangu kwamba naenda kumlilia malkia? Angenicheka mwaka mzima. Niliondoka alfajiri, shati langu la harusi likiwa chini ya ovaroli.

Nilipitia kwanza Ibadakuli, nikasimama nje ya uwanja wa ndege hadi kundi lilipotoka. Binti alipofika mbele yangu, nikamwamkia shikamoo. Ni mdogo wangu kwa miaka isiyopungua kumi na mitano, ila ulimi wangu ulikwisha kumwona malkia. Alicheka, naye akaniamkia shikamoo, tukabaki wawili bila wa kuitikia marahaba. Nilipanda bodaboda kwenda ukumbini kichwa kimevimba.

Kiti changu kilikuwa safu ya pili. Nimekaa, nimekunja nne, mara akaja mwanamke akitafuta namba ya kiti cha kuliani kwangu. Nilitazama viatu vyake, kisha nikasikia kikohozi chake. Alikuwa mama mkwe wangu, kutoka Runzewe.

Asiye wa kwetu atashangaa kwamba nilimtambua kwa viatu. Kwa watu wetu mkwilima, yaani mume wa binti, hamtazami mama mkwe usoni. Mkikutana njiani, unaacha njia. Akija nyumbani, unatokea mlango wa nyuma, na mkiwa na neno mnapitisha kwa mtu wa tatu. Miaka kumi na miwili ya ndoa nilikuwa nimemheshimu mama yule bila dosari, na sasa tumepangiwa viti vya kugusana mabega.

Kilichonishtua zaidi ni kwamba alitakiwa awe Ushirombo. Mke wangu alikuwa ameniambia mama yake amekwenda huko kwenye semina ya wanakwaya. Kumbe nilikuwa na mwongo mwenzangu katika ukoo. Alijifunika kitenge hadi puani, nami nikageukia upande wa pili, kwa mzee mmoja mfanyabiashara wa ng'ombe, nikamnong'oneza shida yangu. Mzee ni Msukuma, hakuhitaji maelezo. Tulibadilishana viti, na mwili wake mkubwa ukawa ukuta kati yetu.

Kupitia ukuta huo mama mkwe aliuliza hali ya watoto, nikajibu hawajambo. Akaagiza niambiwe kwamba semina inaendelea vizuri. Nami nikaagiza aambiwe kwamba beringi zimepatikana. Mzee alifikisha yote kwa sauti ya kikao cha ukoo, hakutabasamu hata mara moja.

Tamthilia ikaanza, na kwa muda nilisahau kama nina wakwe. Tukafika kwenye lango. Malkia akasimama mbele ya mwanawe, akafungua mdomo, akanyamaza. Ule ukimya wenyewe niliousafiria.

Lakini mama mkwe hakujua habari za ufundi wa kunyamaza. Kwenye ngoma zetu mwimbaji akikwama, watazamaji humwokoa, ni wajibu. Aliona binti wa watu amesahau, akasimama, akayasema yeye maneno yaliyobaki, kwa sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto:

"Mwanangu, kabla hujafunga lango, nitazame usoni."

Nami nikageuka nikamtazama.

Kitenge kilikuwa kimemwanguka mabegani. Alikuwa na uso wa mke wangu ulioongezwa miaka, umelowa machozi hadi kidevuni. Nilisikia aibu ya kunitosha mimi na watoto wangu, na pamoja na aibu nikasikia furaha ambayo sikujua nimweleze nani. Jukwaani malkia aligeukia ilikotoka sauti, akainamisha kichwa, kisha akayarudia maneno yale taratibu. Sijawahi kuyasikia yakisemwa hivyo. Mama mkwe akakaa na kujifunika, nami nikatoka kabla ya makofi.

Nilikusudia kunyamaza hadi kaburini. Nilidhani naye atanyamaza, maana kunitaja ni kujitaja. Nilisahau kwamba mama yule ni mtu wa mila. Jumanne bodaboda ilisimama mlangoni kwetu na kuku mweupe. Dereva akamweleza mke wangu kwamba kuku ametoka Runzewe kwa mama yake, ni wa kumtuliza mkwilima kwa kumwonesha uso.

Mke wangu alimpokea kuku, akanigeukia, akaniuliza uso huo niliuona wapi. Njia ya mwongo ni fupi. Nilisema yote: beringi, shati la harusi, malkia, na maneno ambayo mama yake aliyapaza ukumbini.

Nikangoja kicheko. Hakucheka. Alimfunga kuku kwenye mguu wa meza, bila haraka, kisha akakaa.

"Mama aliyajulia kwangu hayo," akasema. "Shuleni kwetu nasi tuliiigiza, na malkia nilikuwa mimi. Nilikuwa nayakariri jikoni, yeye anasonga ugali."

Nikamwambia sikujua.

"Miaka kumi na miwili, baba watoto. Hujawahi kuniuliza."